Mjomba wa Kituoni

Binti yangu,

Maharage yako jikoni, yaongezee maji yasije yakaungua. Mawingu yakitanda, anua nguo. ~~Ufunguo nimeondoka nao.~~ Ufunguo uko juu ya kabati, wewe si mfungwa. Lakini leo usitoke.

Asubuhi ulikimbilia chumbani kulia kabla sijamaliza kusema. Jana nilikwenda kwa fundi simu kuchukua redio yetu. Akaniuliza bila kupepesa macho: "Binti yako alishapata simu ya bei poa? Juzi alikuja na mjomba wake." Mjomba! Mimi kwetu nimezaliwa peke yangu. Nilirudi kukuuliza, ndipo ukaniambia ni sajenti wenu wa kituo cha polisi, aliyekwambia uache sare ya vijana wa kujitolea ukajifanye mteja wa simu za wizi. "Ni siri ya kazi, mama." Siri gani, na fundi huyo anatujua, ndiye aliyetufungia antena hapa paani?

Una miaka kumi na sita. Fomu niliyosaini ilisema kuvusha watoto barabara na kugawa vipeperushi. Upelelezi una wenyewe, waliousomea, wenye bastola kiunoni. Wewe una filimbi.

Sikukasirikii wewe. Haya, kidogo. Kinachonichoma ni mtu mzima kukutanguliza mbele yake.

Kula, usinisubiri. Fomu nimeichukua, na sare yako pia. Naenda kituoni kumsalimia kaka yangu.

Mama