Linacheza Vipi?

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Habari za huko machimboni, na kifua chako kinaendeleaje? Sisi wazima, ila mjukuu wako anaota jino la pili na nyumba nzima hatulali. Naandika amenilalia begani, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Nilikuahidi nitamleta umwone kabla hajaanza kutembea. Sasa hili gari ulilotuachia limenitia mashaka. Linawaka, linakwenda, lakini nyuma linacheza. Fundi wa kona kusikia tu "linacheza", kabadilisha shokapu zote mbili za nyuma. Linacheza vilevile! Sasa anasema ni chuma chakavu. Nimemwambia chakavu ni masikio yake.

Wewe unasemaje?

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua hakijambo, kinalalamika asubuhi tu kama injini ya dizeli. Mpe pole mwenye jino.

Linacheza, linacheza! Linacheza vipi? Kucheza kuna ngoma nyingi. Likidunda juu na chini kama mpira, hiyo ni shokapu. Likiyumba kushoto na kulia kama bata, shokapu umezisingizia. Fundi wako alitibu neno, hakutibu gari.

Mtoto asipande humo mpaka tujue. Kandamiza kona ya nyuma kwa uzito wako wote, uachie. Kisha simama ubavuni, usukume bodi. Niandikie ulichokiona, si ulichoambiwa.

Baba yako

22 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Jino limetoka, limeshaniuma.

Nilimkalisha mtoto ndani ya beseni la nguo, kivulini, nikafanya ulivyosema. Kukandamiza: lilipanda mara moja likatulia. Kusukuma ubavuni: bodi ikaenda, magurudumu yakabaki, halafu chini kukasikika "ko!" Na lori likinipita barabarani, nyuma huvutwa pembeni kama mtu kalishika mkia. Ni bata, Baba. Sasa nini kinagonga? Sitaki kutengenezewa tu, nataka kujua.

Jambo jingine. Mistari ya barua yako inateremka upande wa kulia, na neno la mwisho limekaa juu ya mwenzake. Uliandikia ndani ya lori?

Mwanao

5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Ndiyo, ndani ya lori.

Zuia magurudumu kwa mawe, gari liwe chini, si juu ya jeki. Chungulia nyuma. Kuna fimbo ya chuma imekingama: mwisho mmoja umefungwa kwenye bodi, mwingine kwenye ekseli, chuma kinachounganisha magurudumu. Hiyo ndiyo inayoikataza ekseli kutangatanga. Kila mwisho una bushi, duara la mpira ndani ya chuma. Chora mstari wa chaki upite juu ya fimbo na bolti yake, jirani asukume bodi. Mstari ukivunjika, bushi imekufa.

Mkiweka mpya, bolti ikazwe mwisho kabisa, gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Mkikaza likining'inia, mpira utajisokota uchanike mapema.

Baba yako

26 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mstari ulivunjika! Mwisho wa upande wa bodi. Mpira ulitoka vipande vipande kama mkate mkavu. Fundi alitaka kukaza bolti gari likiwa juu ya jeki, nikamzuia. "Mama mtoto, nani kakufundisha?" "Aliyenizaa." Akalishusha, kanuna. Sasa malori yananipita na gari limenyooka kama uzi.

Zamu yako. Barua yako ya mwisho niliiwekea rula. Tarehe umeiandika mara mbili, moja juu ya nyingine, na mistari inateremka kulia tena. Lori gani hilo lisilofika, Baba? Mimi nilikuandikia nilichokiona. Funga jicho la kushoto, tazama kwa la kulia, uniandikie unachokiona wewe. Usinidanganye.

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mkono huu ni wa mpishi wa kambi, maneno ni yangu.

Kwa la kulia naona moshi. La kushoto linafuata. Daktari aliyepita hapa anasema ni mtoto wa jicho. Nilicheka: nimemngoja mtoto wa mwanangu, akatangulia wa jicho! Sikukwambia kwa sababu fundi asiyeona bolti, fundi gani? Nakaza kwa kupapasa, na vijana hawajagundua. Hospitali kubwa wanaweza kumtoa. Naogopa kisu, mwanangu. Hilo mpishi nilimkataza asiandike, lakini nasikia kalamu yake inakwenda.

Baba yako

17 Mei

Baba,

Shikamoo. Shukrani kwa mpishi, akusomee hii mara mbili.

Tunaondoka Jumatatu ya mwisho ya mwezi huu alfajiri, Jumanne tuko kwako. Kiti cha mtoto nimekifunga nyuma, cha mbele ni chako, na hospitali wanakungoja Alhamisi. Kuogopa uogope, lakini ndani ya gari. Usibishane nami, sijalala tangu jino la kwanza.

Kaa karibu na geti usikilize. Gari likivuka lile tuta la getini bila "ko!", jua ni sisi.

Mwanao