Baba, Ngozi Yako Bado Iko Hai

Baba yangu,

Msimu wa mwisho wa korosho ulipokuwa bado nasi Kiranjeranje, mikono ilikutetemeka hata ukashindwa kunyofoa korosho kwenye bibo. Ulimwita mama akusaidie, kisha ukanipa mgongo. Ndipo nilipokueleza kazi yetu ya maabara kule Dar: tunachukua seli za ngozi ya mtu, tunaziweka kwenye mchanganyiko wa dawa, na baada ya wiki chache zinageuka kuwa seli za ubongo. Tunatafuta njia ya kuwarudishia wagonjwa kama wewe zile zilizokufa.

"Zitanifaa mimi?"

"Hapana, baba. Labda watakaokuja."

Ulikuja Dar ukasaini karatasi, ukakunja mkono wa kanzu. Daktari alipokata kipande kidogo kama punje ya mtama, ukamtania: "Usimalize, niachie ya kuzikiwa."

Masika tukakuzika. Arobaini ilipopita nikarudi kazini, nikainamia darubini. Ngozi yako ilikuwa imegeuka. Seli zimetoa nyuzi ndefu, zimeshikana. Mwenzangu akaziunganisha na mashine ya kupima umeme, mistari ikaanza kurukaruka.

"Zinaongea!" alisema kwa furaha.

Nilitoka nje.

Nilimpigia mama. Akauliza, "Zinamkumbuka mtu?"

"Hapana, mama. Ni seli tu."

"Lakini ni zake?"

"Ni zake."

"Basi niletee. Mume wangu hawezi kulala huku na huku."

Karatasi uliyosaini ilituruhusu kuzirudisha. Nikaja na kichupa, tukakifukia kando ya kaburi lako. Mama akasoma Yasini, akapangusa udongo mikononi. "Alhamdulillahi. Sasa ametimia."

Hukutimia, baba. Kichupa cha pili, cha ngozi isiyogeuzwa, nilikiacha maabara, na nikamwambia mama nimeleta zote. Ningependa kusema nilikiacha kwa ajili ya wagonjwa. Si kweli. Nilishindwa kukuaga.

Kila asubuhi nikifungua kabati la joto zinamotunzwa seli zako nakuamkia kwa sauti ya chini, kisha nasimama pale nikisubiri, kama mjinga. Ngozi yako haiachi kuongezeka. Kila wiki naigawa kwenye vyombo vipya. Umekuwa wengi, baba, na hakuna hata mmoja wenu anayenijua.

Juzi mama alipiga simu. Amekuota umesimama mlangoni, anakukaribisha, huingii.

"Mwanangu, ulileta zote kweli?"

"Ndiyo, mama."

Alhamisi napanda basi kuja nyumbani. Nitakaa naye chini nimwambie ukweli, na lolote atakaloamua nitalitekeleza kwa mikono yangu hii, hata kama ni kukumwaga.

Unisamehe, baba. Pumzika, kama mimi nitakuacha upumzike.

Ni mimi,
binti yako niliyekuficha