Picha ya Kumi na Saba

Bishkek, Jumanne, 3 Juni

Mdogo wangu Nurdin,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako na za wapwa zako. Sisi huku tu wazima. Mguu wako unasemaje? Juzi uliniandikia kwamba umetembea kutoka bwenini hadi dukani na kurudi bila magongo, ukanunua mkate na sigara. Mkate nimeufurahia. Barua hii nimempa Mjomba Sherali akukabidhi mkononi, na nimemwomba aketi nawe mpaka uimalize. Usimwulize kitu kwanza. Soma.

Nyumbani Kochkor theluji imeyeyuka, imebaki vileleni tu. Farasi jike wa Mjomba amezaa dume jeusi, na mkewe, Batma, anasema lina ukaidi wako, kwa hiyo analiita Nurdin na kulitukana kutwa. Paa la nyumba limezibwa pale palipovuja juu ya jiko.

Mimi bado niko gazetini. Huu ni mwaka wa kumi na tisa, na kila mwaka nawafundisha waandishi wapya jambo lile lile. Ukiona kitu cha maana kwenye kompyuta, piga picha ya skrini yote, na usikate ukingo wa chini, maana pale pembeni ndipo penye saa na tarehe. Picha isiyo na tarehe si ushahidi. Mwezi uliopita mmoja wao aliniletea picha iliyokatwa nikamrudishia mbele ya wenzake. Sikulala vizuri siku ile.

Nafika sasa kwenye swali lako. Mwezi wa tano uliuliza mbona picha za Mama ninazokutumia kila Ijumaa zimekatwa chini, na mbona dirishani kwake bado kuna barafu. Nilikujibu kwamba ninaondoa takataka za skrini, na kwamba baridi ya Kochkor imechelewa kuondoka. Unaijua Kochkor, ukaamini.

Ulipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi huko ugenini tarehe 9 Januari, Mama alikuwa tayari mgonjwa. Daktari alikuwa ameshamwambia ni ini, na kwamba muda uliobaki ni wa kuhesabu wiki. Nilitaka kukuambia. Mama akakataa. Alisema, “Namjua mwanangu. Nyonga imevunjika, lakini akisikia atakuja hata kwa kutambaa. Na akifika atasimama kwa miguu gani nje ya hema la msiba, wanaposimama wana kupokea pole?” Akaniagiza usiambiwe mpaka utembee kwa miguu yako, na asikuambie mtu kwa simu. Aje mkubwa wa ukoo, akae kando yako, kama inavyopasa.

Wodini kwako mtandao haukubeba simu ya video, na Mama, kwa masikio yale, simu ya sauti tupu hakuiweza. Ndipo akapata wazo. Alisema mimi niliye kwenye kompyuta nimpige picha tunapoongea, nyingi, nikuwekee akiba. Tulifanya hivyo siku nne. Batma aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, Mama akakaa mbele yake, na mimi huku nikibonyeza vitufe vitatu kwa mpigo na kuizungushia mstari skrini yote. Alibadilisha vitambaa vya kichwa vyote sita. Alimwambia Batma, “Sogeza birika hilo, we mwanamke. Likikaa palepale miezi mitatu, Nurdin atadhani mama yake amegeuka sanamu.” Batma alicheka na kulia kwa pamoja, Mama akamfukuza aende kulilia zizini. Kitambaa cha bluu alisema ni cha mwezi wa nne.

Mama alifariki tarehe 11 Februari, Jumanne, kabla ya mapambazuko. Picha zote kumi na sita ulizopata nilizituma baada ya hapo. Ya kwanza niliituma siku ya tatu, nikitokea makaburini.

Hema lilisimamishwa uani. Mahali pako nje ya mlango, pa mtoto wa mwisho, hatukumpa mtu. Mjomba aliegemeza pale fimbo ambayo mfiwa huishika, na mshipi wako juu yake, na watu walipofika wakilia waliipa fimbo ile mkono wa pole. Ipo bado. Hitima ya mwaka itakungoja wewe.

Nakiri na jambo moja zaidi, ambalo hata Mjomba halijui. Sikuwapo alipofariki. Nilikuwa hapa nikiandika kesi ya mahakamani, nikiamini zimebaki wiki mbili. Jana yake tuliongea mara ya mwisho. Alicheka, nami nikaona ni picha nzuri kwako. Nikabonyeza. Unapobonyeza, skrini hufifia kidogo na mkono hushughulika. Wakati ule ule alikuwa akiniambia kitu. Sikukisikia. Nilipomwomba arudie, mtandao ulikatika, na Batma alipopiga tena Mama alikuwa amelala. Nimemwuliza Batma. Alikuwa jikoni.

Picha hiyo ni ya kumi na saba. Nimeichapa na imo ndani ya bahasha hii. Sikuikata. Pembeni imeandikwa 10 Februari, saa 10:42 jioni. Mdomo wake uko wazi, katikati ya neno. Wewe ulipokuwa mdogo ulijua anachosema akiwa ng'ambo ya mto, kwa kumtazama midomo tu, na mimi nilikuwa nikikuonea wivu. Itazame.

Nisalimie wenzako wa bwenini, na umpe Mjomba chai ya maziwa yenye chumvi, hapendi ya huko. Ukiweza kuniandikia, niandikie neno hilo. Usipoweza, njoo tu.

Mimi dada yako,
Sayragul