Kisigino cha Kushoto

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza! Sindano tano, madonge mawili ya sufu ya kijivu, na kidole kimoja tayari kimechubuka. Fundi – jirani wa chini, anayeshona nguo za watu – kanionyesha jinsi ya kuanzisha vitanzi. Sitini. Nimevihesabu mara nne, nikapata majibu manne. Fundi kacheka mpaka akashika mlango. Anasema soksi ya kwanza humfanya kila mtu ajione hana mikono.

Kwa nini soksi? Kwa sababu nitapata wazimu. Miaka ishirini na miwili nimekata vitambaa dukani, duka likafungwa, na sasa naishi chumba cha nyuma kwa dada yangu, nachemsha chai na kusikiliza redio yake. Na kwa sababu nesi alisema Dada avae soksi laini, zisizobana. Kisukari kimekula hisia zote za miguu yake. Mwiba ukiingia hajui. Maji yakimuunguza hajui. Ndiyo maana kila asubuhi nampigia magoti na kumkagua nyayo, vidole, visigino. Kazi yangu hiyo.

Nimemwambia namfumia soksi. Kavua miwani, kanitazama.

"Wewe? Kwani madukani zimekwisha?"

Jumatano, 6 Machi

Nimefumua. Vitanzi vilijipinda, nikawa nafuma kitu kama shingo ya chupa. Nimeanza upya. Nimefumua tena.

Jumamosi, 9 Machi

Inchi mbili! Zimenyooka!

Dada alikuwa mwalimu mkuu miaka kumi na tisa. Wanafunzi walimwita Rula, na anajua, na anajivunia. Anakaa dirishani kwenye kiti chake, mimi nakaa pembeni kwenye stuli, na leo kapaita pale kwangu "kiwandani". Simu ikilia: "Subiri kidogo, kiwanda kinapiga kelele." Sindano zangu! Hazisikiki hata nikiziweka sikioni.

Mchana kaomba aone. Kaigeuza, kaigeuza. Kasema ingemfaa mtu mwenye mguu wa mbuzi.

Nimefuma mistari minane kwa hasira na yote iko sawa kabisa. Kumbe hasira inafuma.

Jumapili, 17 Machi

KISIGINO KIMEGEUKA!!

Sijui hata nielezee vipi. Siku nane unafuma bomba. Bomba, bomba, bomba. Halafu unafuma kwenda na kurudi, unapunguza kitanzi hapa, kitanzi pale, huelewi unachofanya, unafuata tu maneno ya Fundi kama kipofu – mara kitambaa kinajikunja chenyewe na kuwa mguu wa mtu! Nimeshuka ngazi mbio na kandambili. Fundi kakibusu. Kweli, kakibusu kisigino. Kasema wengine wanafuma mwaka mzima na hapo ndipo wanapokwama.

Tangu nije nyumba hii sijawahi kucheka hivyo.

Jumatatu, 18 Machi

Wageni wawili, walimu waliofundisha na Dada zamani. Nilikuwa jikoni na chai. Nikasikia vicheko. Nikatoka na sinia.

Alikuwa ameishika soksi yangu mapajani. Sindano kazichomoa, kazipanga mezani kama kalamu za mtihani. Anavuta uzi. Taratibu, huku anazungumza na wageni habari za pensheni. Kila akivuta, mstari mmoja unakwenda – trrr – na mwingine – trrr. Kisigino kilikuwa kimeshakwisha.

"Kulikuwa na kitanzi kimeponyoka," kaniambia. "Nilikuwa nawaonyesha namna unavyomsahihisha mtu. Ukimwachia kosa moja, analizoea."

Mgeni mmoja kaangalia kikombe chake. Mwingine kacheka.

Nina miaka hamsini na mmoja. Nikaweka sinia, nikamimina chai. Nikauliza nani anatumia sukari.

Alhamisi, 21 Machi

Siku tatu sikugusa sindano. Leo zamu ya nesi, huja kila Alhamisi. Kaipima miguu, kasifu. Kasema wagonjwa wake wengine wanaachwa mpaka wanaoza, Dada ana bahati ya kuwa na mtu. Dada kasema, "Bahati? Analala bure, anakula bure. Akikagua miguu miwili kwa siku ni nongwa?"

Nesi kajifanya anatafuta kitu mkobani.

Nilipomsindikiza mlangoni kaninong'oneza nisikate tamaa. Sikumuelewa alimaanisha nini, soksi au Dada. Nimeanzisha vitanzi sitini.

Ijumaa, 29 Machi

Jozi! Soksi mbili, za mtu mmoja, zinalingana. Nimefuma kama mtu anayefukuzwa. Fundi kazipima kwa futi yake ya kupimia nguo: hazijapishana hata kidogo. Mikono inaniuma mpaka viwikoni na sijali.

Jumamosi, 30 Machi

Dada kazivaa. Kanyoosha miguu, kaiangalia muda mrefu. Hakusema neno, na kwake yeye hilo ni pongezi, nikaenda jikoni meno yote nje.

Saa kumi wakaja wale wageni wawili. Wakaziona hata kabla hawajakaa. Nzuri jamani! Laini! Umezipata wapi?

"Mwanafunzi wangu wa zamani kaniletea," kasema Dada. "Wapo wachache wanaokumbuka fadhila."

Alikuwa ananitazama mimi wakati anasema. Usoni.

Nikamimina chai.

Jumatatu, 1 Aprili

Asubuhi Fundi kaja kuchukua pini zake, zile ndogo za kushikia vitanzi vinapoponyoka. Alinipa sita. Zipo tano. Tumetafuta chini ya kitanda, kwenye mfuko wa sufu. Kasema achana nayo, pini moja si kitu.

Amefika chini ndipo nikakumbuka. Soksi ya kushoto. Kisiginoni, kwa ndani, kitanzi kiliniponyoka nikakishika kwa pini ili nirudi kukishona. Sikurudi.

Nikaenda mpaka mlango wa sebuleni. Dada alikuwa kwenye kiti chake na soksi miguuni. Chai ilikuwa imepoa, na hilo nalo kosa langu. Kasema nimepewa mambo matatu tu ya kufanya duniani na yote nimeshindwa. Kasema duka halikufungwa kwa sababu ya biashara mbaya, lilifungwa ili wapate njia ya kuniondoa. Nikasema moyoni, amalize tu, nitamwambia.

Akamaliza. "Mbona umesimama hapo kama muuza maziwa? Una jambo?"

"Hapana," nikasema.

Jumanne, 2 Aprili

Leo sikukagua miguu. Nimemwambia soksi ni mpya, hakuna haja ya kuzivua kila saa. Kakubali.

Kutoka kitini mpaka chooni ni hatua kumi na nne. Nimezihesabu. Kila akikanyaga kushoto nilingoja uso wake ubadilike. Haukubadilika. Alikuwa anaimba kidogo.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Nilifurahi. Si sana. Kama mtu anayekuna panapowasha.

Jumatano, 3 Aprili

Nimeamka naogopa. Nikamwambia nazifua. Nilipovuta ya kushoto ilikataa kidogo, halafu ikaachia.

Pini ilikuwa imefunguka. Doa la damu, dogo kama punje ya dengu. Kisiginoni tundu, jeusi, halitoki kitu. Nikalisafisha kwa maji ya chumvi, nikapaka dawa, nikafunga kitambaa. Yeye alikuwa anasoma gazeti. Hahisi!

"Vipi huko?" kauliza bila kushusha gazeti.

"Umechubuka kidogo tu. Mguu uko safi."

"Angalau hilo unaliweza."

Pini nimeitupa dirishani.

Alhamisi, 4 Aprili

Nesi kapiga simu. Leo ana wagonjwa wengi upande wa pili wa mji, kama miguu ya Dada iko sawa ataruka mpaka Alhamisi ijayo. Kaniuliza mara mbili. Iko sawa? Kabisa?

Nilikuwa na simu mkono mmoja, na mwingine sabuni.

Iko sawa, nikasema. Kaniombea heri. Kasema, laiti ningekuwa na watu kumi kama wewe.

Jumapili, 7 Aprili

Leo sitasahau.

Fundi kapanda kumletea Dada gauni lake alilolipunguza. Kaziona soksi kwenye kamba. Kabla sijafungua mdomo, Dada kasema: "Kazifuma mdogo wangu. Angalia kisigino hicho. Dukani hupati." Hivyo hivyo! Kwa sauti ile ile ya kusoma majina ya waliofaulu. Halafu akanigeukia: "Zile ni za kijivu mno. Nifumie nyingine, nyekundu. Nataka nizivae siku nikienda kuchukua pensheni, wanione."

Nilikwenda bafuni, nikafungua bomba, nikakaa pembeni ya beseni. Miaka yote! Miaka yote nilitaka sentensi moja, na kaja kuisema leo.

Asubuhi nilipobadilisha kitambaa, kingo za tundu zilikuwa nyeupe na mbichi. Ngozi pembeni nyekundu, ina moto. Nikimwambia leo, ataniuliza kwa nini si Jumatano. Nikimwambia Jumatano, ataniuliza kwa nini si Jumatatu. Kila nikijitahidi kuanza naona lazima nianzie Jumatatu.

Dawa ya kupaka imekwisha. Nimenunua nyingine.

Jumanne, 9 Aprili

Kuna harufu.

Nimefungua madirisha. Dada kasema labda panya amekufa nyuma ya kabati, nikatafute. Nikasogeza kabati. Nikafagia nyuma yake. Nikarudi nikamwambia sijamwona.

Anatetemeka kidogo, anasema ni baridi. Kakumbuka kwamba jana alijigonga kwenye mguu wa kitanda, labda ndiyo maana kifundo kimevimba. Nikasema labda.

Nyekundu nimezianza. Vitanzi sitini, sikukosea hata kimoja.

Alhamisi, 11 Aprili. Hospitali

Naandika kwenye benchi la ukumbini.

Nesi kaja saa tatu. Hakuvua hata koti. Alisimama katikati ya sebule, pua juu, akaenda moja kwa moja kwenye mguu wa kushoto. Akafungua kitambaa. Hakunipigia kelele. Alinitazama mara moja tu, na sasa najua atakavyonitazama mpaka mwisho wa maisha yangu. Akaita gari.

Ndani ya gari Dada alikuwa na homa, lakini ulimi mzima. Kamwambia dereva anaendesha kama anasafirisha mayai. Halafu akautafuta mkono wangu. Sikujua ni nini anatafuta mpaka aliponishika. Mkono wake mkavu, wa moto.

Daktari ni mtu mpole, mnene, anapumua kwa sauti. Kauliza jeraha lilianza lini. Dada kamjibu kabla yangu:

"Jumatatu hii. Nilijigonga kitandani. Mdogo wangu ananikagua kila asubuhi ya Mungu, hajakosa hata siku moja. Lingekuwa la zamani angeliona. Mwulize."

Daktari hakuniuliza pale. Kanitoa nje, kafunga mlango.

"Mama, nisikilize vizuri," kasema. "Kama hili ni jeraha la siku tatu, nalisafisha, nampa dawa, tunangoja, na huenda mguu ukabaki. Lakini kama lina wiki na zaidi, naamini limeshafika kwenye mfupa. Nikingoja, litapanda, na nitampoteza yeye mwenyewe. Hapo inabidi nikate leo. Picha ya hapa haionyeshi vizuri na mashine ile nyingine mbovu. Nakutegemea wewe. Lilianza lini?"

Nikasema sikumbuki tarehe.

"Jaribu."

Nikasema ninayo daftari, huwa naandika mambo ya kila siku, labda humo. Uso wake ukafunguka. Kasema afadhali, watu wachache wanaandika. Kasema niangalie bila haraka, yeye anakwenda kunawa mikono na kuzungumza na watu wa chumba cha upasuaji, anarudi.

Amekwenda. Mlango wa Dada una kioo kidogo. Amelala ubavu, amegeukia huku, ananiona. Kanipungia vidole viwili: nisogee, au nifanye haraka, au vyote.

Nikisema kweli wanakata. Na atauliza pini ilifikaje.

Nikisema Jumatatu hii

Daktari anarudi, anajifuta mikono. Kasimama mbele yangu, ananiuliza kama nimeuona ukurasa. Nimemwambia bado natafuta.

Nimeshaupita mara mbili.