Kitambulisho Changu Kimewekwa Dhamana ya Viti

Godbless,

Maharage yako jikoni, pasha moto. Ng'ombe nimeshamnywesha.

Leo asubuhi uwanja wa ndege wa Kisongo nimerudishwa mbele za watu. Pasi ya kusafiria iliyonifikisha hadi Lubumbashi imeisha muda. Binti wa kaunta akasema, "Babu, hata kitambulisho cha taifa kinatosha." Nitakitoa wapi? Umekiweka dhamana kwa mwenye viti ulivyokodi kwa kipaimara cha mwanao, viti viwili havionekani, nawe kimya! Dada yangu Magreth anapasuliwa kesho Mwanza, anataka anione kwanza.

~~Nimekusamehe.~~ Bado sijakusamehe.

Nimempelekea mwenye viti leseni yako ya udereva, naye kanirudishia kitambulisho changu. Napanda ndege ya jioni. Kesho usiguse gari. Katafute viti.

Baba yako