Tausi Asiuzwe kwa Ajili ya Kadi ya Picha

Handeni,
Jumatatu

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni wazazi wangu. Mimi ni mzima wa mwili, isipokuwa vumbi la Handeni limehamia puani mwangu na halina dalili ya kuhama. Huko kwetu Lutindi najua ukungu unakaa mpaka saa nne na Mama anavaa soksi mbili mbili. Goti linaendeleaje, Mama? Na kikohozi chako, Baba? Najua ni wewe unayesoma barua hii kwa sauti, umesimama mlangoni penye mwanga, na Mama anafuma huku akisikiliza. Tafadhali soma yote. Barua ya Krismasi uliruka mstari ukamwambia Mama naolewa, kumbe aliyekuwa anaolewa ni jirani yangu, na mpaka leo kuna watu wananiuliza mume anafanya kazi gani.

Nianze na la haraka. Baba, usimuuze Tausi. Kama ng'ombe wetu bado yuko zizini, mwache hapo hapo na majani yake. Niliandika mwezi uliopita nikiwaomba mumshushe mnadani Korogwe ili nipate kununua kadi mpya ya kompyuta. Barua hiyo ichaneni, muwashie moto. Nilikosea, na jinsi nilivyokosea ni aibu tupu, lakini nitaeleza.

Mnakumbuka nilikuja huku kuchapa. Nilipanga chumba karibu na stendi, nikaweka kompyuta yangu ya mtumba, nikaandika mlangoni: Tunachapa barua za kazi, mikataba ya viwanja na risala za harusi. Wiki ya kwanza nilichapa risala moja, na bwana harusi akaghairi. Siku moja nimekaa tu nafungua hiki na kile, nikafungua gemu ya mpira iliyokuja na mashine. Akaingia mteja wa barua ya kazi, akaomba ajaribu, akacheza mpaka akasahau kazi yenyewe. Tangu siku hiyo chumba kinaishi kwa gemu. Wewe Baba ulisema haya ndiyo matunda ya soko huria, watu wazima kulipa ili wacheze mpira wakiwa wamekaa kitako. Na ni kweli.

Sasa hiyo kadi. Ndani ya lile boksi la kompyuta kuna kijibao cha kijani, si kikubwa kuliko kiganja cha Baba, ambacho kazi yake ni kuchora picha unazoziona kwenye kioo. Mashine inafikiri, kadi inachora. Tangu baada ya Pasaka mchoraji wangu alianza vituko. Watu wakicheza kidogo, picha inavunjika vipande vipande, wachezaji wanasimama mguu juu, halafu mashine inazima yenyewe. Tena haizimi mpira ukiwa umetoka nje. Inazima mtu akiwa uso kwa uso na kipa.

Walioumia zaidi ni wateja wangu wawili wakubwa. Mmoja ni Mzee Lembris, mfugaji wa huko nyikani, ambaye kila siku ya mnada wa hapa hupitia kwangu, ameuza au hajauza, na siku hizi huja hata pasipo mnada. Yeye huchagua timu yoyote yenye jezi nyekundu. Wa pili ni Mzee Mhando, mkulima wa mahindi, ambaye mahindi yake siku hizi yanapaliliwa na mkewe. Wazee hawa wakikutana hawakubaliani hata jua limechomoza upande gani.

"Mhando, bao lile lilikuwa linaingia!"

"Linaingia wapi? Mpira umesimama hewani. Mpira ulioko hewani ni wa Mungu."

"Kila nikikaribia wewe inazima. Wewe na hii mashine mna mkataba."

"Mkataba wangu na wewe ni kukufunga tu, Lembris."

Kisha wote wananigeukia mimi, mtoto wa watu, niamue. Nikisema bao, Mzee Mhando hasalimii wiki nzima. Nikisema si bao, Mzee Lembris anavuta fimbo yake anaondoka bila kuaga. Niliona biashara inaniponyoka hivi hivi natazama.

Ndipo nikamwita Fundi Abedi wa Old Korogwe. Alikuja na mfuko wa bisibisi na maneno mengi. Akafunua kitambaa kilichofunika mashine, akakikunja kwa heshima akakiweka pembeni, akafungua boksi, akapuliza, akafunga, akawasha. Akacheza mechi nzima peke yake, akasema ni majaribio. Mashine haikuzima hata mara moja. Akashinda, akafurahi, kisha akakunja uso kama daktari.

"Dada, mashine yako nzima kabisa. Ila kadi ya picha imezeeka, inachoka. Ukiweka mpya kutoka Dar, utaona nyasi za uwanjani moja moja."

Akakichukua kitambaa, akaifunika tena mashine vizuri, akazivuta pembe zote nne zikalingana. "Na hiki usikitoe," akasema. "Hiki ndicho kimekutunzia mashine."

Nikamwamini. Usiku huo huo nikawaandikia habari ya Tausi.

Baba, mimi ninajua Tausi ni nani. Ulikata mkonge mpaka mikono ikawa na ngozi ya pili, shamba likabinafsishwa, mkapunguzwa kazini, mkapewa kiinua mgongo. Wenzako walinunua redio kubwa na suti. Wewe ulipanda mlima na ndama. Nilijua yote hayo nilipokuwa naandika, na bado niliandika. Nilijiambia maziwa ni maziwa tu, mtapata kwa jirani. Halafu likaja jibu lako, mstari mmoja: "Tutamshusha mnada wa Alhamisi ya mwisho ya mwezi, Mama yako amekubali." Niliusoma mara nyingi nikitafuta lawama. Wewe ambaye hulalamika hata sukari ikiwa nyeupe sana, hukuniwekea lawama hata nukta.

Sasa sikilizeni Mungu anavyofanya kazi. Jirani yangu Mama Mwanaidi, muuza chapati, alipata wageni wa posa ya binti yake. Mnajua mtu akipata wageni wa posa, mtaa mzima unahamia kwake. Alichukua chupa yangu ya chai, glasi zangu nne, kiti changu kimoja chenye mgongo, kisha akasimama mlangoni anakitazama kitambaa cha kompyuta.

"Upendo mwanangu, na hicho. Meza yangu ina alama za moto, watafikiri binti hajui kupika."

Mama, ni kile ulichonifumia nilipoondoka. Sufu nzito rangi ya maziwa, maua mekundu pembeni, KARIBU MGENI kwa mbele, na ndani ukakitilia nusu ya lile blanketi la zamani ili vumbi lisipenye. Kinashuka mpaka mezani pande zote, kina kitundu kidogo tu cha nyaya. Kila anayeingia hukisifu kwanza ndipo anasalimia. Kwetu sisi ni nani anaacha redio uchi? Hata chupa ya chai ya Mjomba ina kofia. Nikampa Mama Mwanaidi, roho ikiniuma, nikamwambia asimwagie mchuzi.

Alikichukua Jumamosi asubuhi. Jumamosi hiyo mashine ilifanya kazi mpaka nafunga. Jumapili vile vile. Washenga waliahirisha, kitambaa kikabaki kwa Mama Mwanaidi mpaka Jumanne, na siku zote hizo hapakuwa na picha kuvunjika wala mguu juu. Mimi, kwa akili zangu hizi mlizonisomesha, nikafikiri mashine imesikia habari ya kadi mpya ikaogopa.

Jumatano kikarudi, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimetiwa wanga. Nikaivisha mashine yangu. Kabla ya kipindi cha kwanza kwisha, Mzee Lembris akiwa uso kwa uso na kipa, ikazima.

Safari hii hakupiga kelele. Aliinuka, akaingiza mkono chini ya kitambaa, akautuliza hapo kama mtu anayeshika sikio la ndama.

"Binti, huyu ana homa."

"Mzee, kompyuta haina homa."

"Ana homa. Na wewe umemfunika blanketi. Saa nane mchana. Handeni."

Mzee Mhando akakuna kidevu. "Jumamosi alikuwa uchi," akasema, "nami nilikufunga matano bila kusimama."

"Manne."

"Matano, Lembris. Lakini hapo kwenye blanketi nakuunga mkono."

Ilikuwa mara ya kwanza nawasikia wakikubaliana, na badala ya kushukuru nikapandwa na hasira. Nikawaambia kitambaa hiki amenifumia mama yangu mzazi, na fundi mwenyewe amesema kisitolewe. Mzee Mhando akavua kofia. Kisha Mzee Lembris akasema polepole, "Mama yako yuko wapi?" Nikasema Lutindi. "Kule kwenye baridi?" Nikasema ndiyo. Akarudi benchini, akakaa.

Nikakitoa. Nikaweka mkono kwenye bati la nyuma, nikautoa haraka, maana palikuwa na moto wa kikaango cha chapati. Tangu siku hiyo mashine iko wazi na haijazima tena. Naipangusa vumbi kwa kanga asubuhi na jioni, basi.

Baba, hapa usicheke. Au cheka umalize, kisha uendelee.

Mama yangu, kosa si lako. Vipimo nilikutumia mimi, mashine ni yangu, na mwenye mkono wa kushika bati nilikuwa mimi. Ukweli ni kwamba sikutaka kukitoa. Miezi ya kwanza hapa sikuwa na mtu wa kuniita jina. Nikifunga mlango nilikuwa naweka uso pale, kinanukia moshi wa jiko letu, nalia kidogo, nafunga kufuli naondoka. Niliona kukitoa ni kama kukutoa wewe. Kwa hiyo niliona bora niombe ng'ombe wa watu kuliko kufunua kitambaa. Ukinipima akili utanikuta hapo. Sasa nimekitandika kwenye benchi la wateja. Mzee Lembris anakalia KARIBU na Mzee Mhando anakalia MGENI, na tayari wameshagombea nani akae upande wa maua.

Msidhani kishawishi kimeisha. Leo asubuhi Fundi Abedi ametokea na hiyo kadi mpya, ameifunga kwenye gazeti kama nyama. Nilipomweleza habari ya homa alitazama ukutani kwanza, kisha akasema, "Sawa, lakini ona tu, kuona si kununua." Akaipachika. Wazazi wangu, siwadanganyi, nilitamani. Nyasi zilikuwa nyasi kweli. Jasho lilionekana shingoni. Watazamaji, ambao kwenye kadi yangu ni maboksi yenye vichwa, wakawa watu wenye macho na mashati. Nikajikuta nimeanza kupanga jinsi ya kuwaandikia tena.

Nikawauliza wazee. Mzee Lembris akatazama sana, akasema, "Nimetoka kuangalia nyasi tangu alfajiri. Sikuja hapa nilipe niangalie nyasi."

Mzee Mhando yeye alicheza dakika chache, akaacha, akaomba kadi ya zamani irudishwe.

"Kwa nini, mzee?"

"Yule wa shati la bluu, mstari wa pili, anafanana na mkwe wangu. Siwezi kukaa nimepanua miguu hivi, napiga kelele, mkwe ananitazama."

Fundi akacheka mpaka akakaa chini, akaichomoa, akairudisha ile ya zamani. Naye hana kinyongo, kaondoka na chapati mbili za Mama Mwanaidi, ambaye binti yake posa imekubaliwa. Lakini mimi niliendelea kukaa natazama vile viboksi vyenye vichwa. Niliona haya. Hata kama kadi ingekuwa imekufa kweli, sikutakiwa kuwaomba Tausi. Niliwaomba kwa wepesi kwa sababu najua hamjui kuninyima. Nisameheni.

Mama, ukipata nafasi nifumie kingine cha mashine, cha uzi mwembamba, chenye matundu makubwa, kipitishe upepo. Maua weka mengi upendavyo.

Nisalimieni Shangazi wa kwaya, mwambieni kaseti yake nimeipata na wateja wameomba niipunguze sauti. Bibi mzaa Mama, mke mwenzangu, namsalimu shingo upande, mpaka atakaponiachia Babu. Mwalimu aliyenifundisha kuchapa mpeni shikamoo yangu, msimwambie nachezesha gemu. Mjomba wa dukani Old Korogwe yeye nitakuwa nimeshamsalimu, kwa maana barua hii inapitia kwake.

Konda wa basi la asubuhi ataiacha dukani kwake kesho. Mjomba atamtafuta mtu wa kuipandisha Lutindi, na asipompata, ataikalia mpaka Alhamisi hii ya mnada, kwa sababu ninajua Baba huwezi kwenda mnadani bila kunywa chai pale. Kwa hiyo huenda hupo mlangoni na Mama hafumi pembeni yako. Huenda uko barazani kwa Mjomba, peke yako, na kamba ya Tausi mkononi. Kama ni hivyo, maliza chai yako, Baba, ugeuke. Mpandishe mlima taratibu, atakuwa amechoka, na wewe pia. Mama atawasikia kabla hajawaona, kwa sababu ya ukungu.

Ni mimi mtoto wenu,
Upendo