Shamba la Mama Lisifyekwe

Kwashemshi, Korogwe

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Barua hii isome ukiwa umekaa, maana ukiisoma umesimama utacheka mpaka uanguke, na goti lako nalijua. Linaendeleaje hilo goti? Mvua za vuli mmeshaziona huko Kwamsisi? Mimi mwili mzima. Uso ndio sina pa kuuweka.

Sikupiga simu kwa sababu wewe simu huiweka sauti kubwa, na majirani wote wanakaa kunisikiliza. Haya uyajue wewe kwanza.

Unakumbuka nilivyokuambia wakati wa Idi: shamba la marehemu mama limekuwa pori, ni aibu, ita watu walifyeke, wabakize miti tu. Na shemeji nikamwita mvivu mbele ya wageni, kwamba tangu aache kulilima, kazi yake ni kulitazama likiota. Nasikia umenitii, na mbuzi wa kuwapikia wafyekaji umeshamfunga. Dada, wazuie. Nakuomba.

Huku kijiji kilinipa kazi ya kulinda kilima kilichokuwa cha mkonge zamani. Kiliachwa kipumzike ili chemchemi iliyo chini yake irudishe maji, na kweli ilikuwa inarudisha. Mkonge ulipokwisha zilianza nyasi, zikaja mbigili, halafu vikapanda vichaka vya mkwamba. Ndege wakatua humo, wakala, wakanya, na walipokunya ikaota mizambarau ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Mimi na darasa langu la nne nikaona vichaka vinainyima miti hewa. Nikanoa panga. Jirani yangu mama Sechonge akaniuliza, "Mzee Mhando, hivyo vichaka vimekukosea nini?" Nikamjibu, "Wewe kapike, miti tuachie wanaume."

Nikafyeka. Hazikupita wiki nyingi. Jua lote la kiangazi likaishukia ile miche, ikakauka kama dagaa. Mvua ya kwanza ikaukuta udongo uko uchi, ikauburuta mpaka kwenye chemchemi. Asubuhi kina mama wanafika na ndoo, maji mekundu. Nami nimesimama pale pale, kama mwizi aliyesahau kukimbia.

"Babu ametuchemshia chai," akasema mmoja.

Mama Sechonge akachungulia. "Sukari bado. Hiyo tuwaachie wanaume."

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Walijitwika ndoo tupu wakashika njia ya mtoni, ambako ni mbali, na wengine wana watoto mgongoni.

Kuna kichaka kimoja sikukikata. Usidhani ni hekima. Kilikuwa na nyigu, nikaogopa. Juzi nimekiinamia kwa adabu zote, nikachungulia chini. Udongo una unyevu, majani yameoza vizuri, na mizambarau midogo imesimama, kijani kabisa. Nje ya kivuli, hatua moja tu, hakuna kitu. Basi ndipo nilipojua nimefyeka nini. Mti mchanga haukosi hewa, dada. Unakosa kivuli, unakosa maji, unakosa wa kuuficha mbuzi asiuone. Mkwamba ulikuwa unaifanya kazi yote hiyo bila kuomba posho.

Sasa kila alfajiri nazoa tope pale chemchemini kwa karai. Kina mama wanapita, wananisalimia vizuri, shikamoo babu. Hizo shikamoo ndizo zinazouma.

Kwa hiyo shamba la mama liacheni kama lilivyo. Mbuzi mleni, walioalikwa wasiondoke na njaa, ila mapanga yarudi nyumbani. Wakiuliza nani kageuza maneno, usiseme ukoo umeamua. Sema, "Mdogo wangu Mhando alikosea." Na kama mapanga yameshapita, niambie hivyo hivyo, usinipake mafuta.

Nisalimie binti yako Zuhura na mumewe fundi baiskeli. Shangazi yetu Mwajuma mwambie meno yangu bado ni mengi kuliko yake. Shemeji usimpe salamu zangu. Nitakuja mwenyewe kumwomba radhi, mbele ya watu wale wale waliosikia nikimtukana. Na kama kweli shamba aliliacha kwa uvivu tu, siku hiyo asiniambie. Aniache niamini alijua.

Ni mimi mdogo wako,
Mhando